Tonge la Baada ya Jiwe

Siku za mwisho kabla ya hekalu la Shilanath kufungwa, mahujaji huja wachache, na kila anayekuja ana sababu. Wapenda picha huwa wameshaondoka na jua. Wanaobaki ni watu waliomwahidi mtu jambo, wakachelewa chelewa, mpaka ahadi ikawasukuma hadi miguuni pa theluji.

Sugan Bai alikuwa mmoja wao. Alifika mlangoni kwangu kwa miguu, amejitanda shali ya rangi ya majivu, kavaa kandambili juu ya soksi, na nyuma yake mwanawe kabeba mfuko wa unga begani.

"Bibi, kuna nafasi?" akauliza yule mwana. Jina lake Bhanwar, mtu mzima mwenye kitambi, pua imeiva kwa baridi kama nyanya.

"Nafasi ipo. Blanketi ndiyo haba. Unga wa nini huo?"

"Uwele. Mama hali chapati za ngano za watu. Nimeubeba kutoka Rajasthan mpaka huku, kama punda."

"Punda angeubeba kimya," akasema mama yake, akavua kandambili, akaingia.

Nikampenda papo hapo.

Nyumba yangu ya wageni iko juu kidogo ya chemchemi ya maji moto. Mvuke hupanda mpaka dirishani, kwa hiyo ukuta wa jikoni wa upande ule hutoa jasho mchana kutwa, na ukiuegemea unainuka umelowa mgongo. Jiko lenyewe ni kubwa, meko katikati, na ndimo tunamolia wote, wageni na wenyeji, maana hakuna pengine penye joto. Mimi na Rupsa, mke wa mwanangu, hukaa pale tangu theluji inapoyeyuka mpaka hekalu linapofungwa. Kisha tunashuka kijijini pamoja na mungu wetu mwenyewe, Bwana Shilanath, sanamu yake ndani ya machela, sisi kwa miguu. Wakati wa baridi habaki mtu upande huu wa daraja. Askari habaki, hata mbwa hawabaki. Kuhani huacha taa moja ndani inawaka, anafunga milango, na taa hiyo tunaikuta bado inawaka tunaporudi. Anayeijaza mafuta hatumuulizi.

Jioni ile Sugan Bai alikaa karibu na moto akatueleza kilichomleta. Mumewe alikufa wakati wa mvua, kifua kilimmaliza.

"Alikuwa mtu wa kusikia baridi, Baba Bhanwar," akasema. "Kwetu jua linayeyusha lami, yeye amejifunika blanketi mpaka masikioni. Siku ya mwisho akanishika mkono, akasema, nipeleke Shilanath, nimechoka kurudi rudi duniani. Nikamwambia nitakupeleka. Hakuwa mtu wa kuomba, bibi. Maisha yetu yote aliniomba chumvi tu, na hilo."

Rupsa akacheka. "Chumvi, mama? Kwani ulikuwa huiweki?"

"Nilipunguza makusudi, ili aniseme. La sivyo angemaliza wiki nzima hajafungua mdomo."

"Na mimi nikala chakula kisicho na chumvi utoto wangu wote," akasema Bhanwar, "kwa sababu ya mapenzi ya watu wawili."

Tukacheka sote. Nakumbuka kicheko kile vizuri kwa sababu kilikuwa cha mwisho cha kawaida ndani ya jiko lile mwaka ule.

Asubuhi waliingia chemchemini, wakaoga, wakatoka na nguo mbichi zinazofuka mvuke, nami nikawasindikiza mpaka kwenye jiwe. Jiwe letu liko nyuma ya hekalu, jeusi, bapa, limeinamia mtoni kama mtu anayetaka kunywa. Watu mahali pengine huwalisha wafu wao kila mwaka, wakawaita kunguru, wakawawekea wali juu ya bati. Kwetu hapa mtu hulishwa mara moja, na hiyo ndiyo ya mwisho. Ndiyo sababu huja kutoka mbali.

Kuhani Sadanand alikuwa na mafua na haraka. Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga hekalu.

"Jina la marehemu?"

Sugan Bai akafunga mdomo, akatazama mto. Kwao, kama kwetu, mke halitaji jina la mumewe, akiwa hai wala akiwa amekufa.

"Kesarimal," akasema Bhanwar.

Kuhani akayafinyanga matonge ya wali na unga wa shayiri, akayapaka ufuta na samli, akayapanga juu ya jiwe, akasoma maneno yake kwa pua iliyoziba. Mto ukayachukua moja moja. Kisha akatugeukia, akajifuta pua kwa ncha ya shali.

"Sasa nisikilizeni, maana watu hunisikia hapa wakasahau wakifika mlangoni. Amekula mara ya mwisho. Msimpe tena. Msimpe leo, msimpe mwakani, msimpe kupitia kwa kunguru. Ukimpa unamwita, naye atakuja, kwa sababu ni mtu wenu na amewazoea. Lakini akija hana njia tena. Juu hapokelewi mara ya pili, na nyumbani si kwake. Atakaa pale pale alipolishwa."

"Mpaka lini?" akauliza Bhanwar, nusu anatania.

"Utamuuliza yeye, mkiwa naye."

Tukaondoka bila kutazama nyuma, kama inavyotakiwa. Sugan Bai alitembea wima, hata shingo hakuipinda. Nikasema moyoni, huyu mama ameweza.

Tulipofika nyumbani aliniomba meko. "Leo niache nipike mwenyewe, bibi."

Nilimwachia. Napenda kumtazama mtu anayejua unga wake. Uwele hausukumwi kwa mti, hupigwa kwa viganja, huku na huku, mpaka unakuwa duara nene. Akazichoma kwanza juu ya chuma, kisha juu ya makaa yenyewe. Akazivunja katikati, akamwagia samli, akatoa kwenye fundo la nguo kipande cha sukari guru cha kwao, cheusi kama lami. Akampa mwanawe, akatupa sisi, akajipakulia yeye mwisho.

Kisha nikauona mkono wake. Ulimega kipande cha chapati, ukakichovya kwenye samli, ukaweka juu yake donge dogo la sukari guru, ukakitua kwenye kisahani pembeni, upande wa kulia. Ukasogeza kikombe cha shaba chenye maji karibu na kisahani. Yeye mwenyewe hakuutazama. Alikuwa anamweleza Rupsa kwamba uwele hukandwa kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto. Ndipo akaanza kula.

"Mama," Rupsa akasema polepole, "hicho cha nani?"

Sugan Bai akageuka, akakiona kisahani. Rangi ikamtoka usoni.

"Mkono tu," akasema. "Mazoea. Tangu anioe hajawahi kuona nikila kabla yake. Na tangu afe nilikuwa nikimwekea. Mkono umekwenda wenyewe."

"Kipande cha chapati, jamani!" Bhanwar akasema. "Tumpe ng'ombe, yaishe." Akanyoosha mkono achukue kisahani, mkono ukasimama hewani.

Kisahani kilikuwa kitupu. Kimepanguswa. Mstari wa kidole ulionekana kwenye samli, kuzunguka mpaka ukingoni, kama mtu anavyofanya akipenda chakula.

"Panya," akasema Bhanwar.

"Panya wa huku hawanywi kwa kikombe," akasema Rupsa.

Maji yalikuwa yamefika nusu.

Hatukula tena. Rupsa alikiosha kisahani kwa majivu, akakiosha tena, akakitoa nje kabisa. Baada ya hapo ukungu ukapanda kutoka mtoni, ule mzito, unaoingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Mlima haukuonekana, hekalu halikuonekana, kengele zake tu. Tukakaa karibu na moto.

Jhabru muuza chai akatokea na kikapu chake cha waya kilichojaa glasi. Kibanda chake kipo darajani, lakini siku za mwisho, wateja wakipungua, hupita nyumba kwa nyumba. Mtu wa masihara huyo, na glasi zake anazipenda kuliko watoto. Akanipa yangu, akampa Rupsa, akampa Bhanwar, akampa Sugan Bai. Kisha akainama akaweka moja chini, kando ya ukuta unaotoa jasho.

"Hiyo ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mzee."

"Mzee gani, Jhabru?"

"Huyu wa kwenu, aliyeji..." Akatazama ukutani. Akanitazama mimi. "Bibi, usinichezee. Alikuwa ameketi pale, amejikunyata. Nimemsalimu akanitikia kwa kichwa."

Akaokota kikapu akatoka. Hakungoja glasi zake. Ndipo nilipoogopa, maana namjua Jhabru.

Niliinuka nikaenda kuutazama ukuta. Wote ulikuwa umelowa, matone yanateremka kama kawaida yake. Ila mahali pamoja, usawa wa mtu aliyeketi, palikuwa pakavu. Pana umbo la mgongo na mabega mawili membamba. Nikaweka kiganja pale. Pakavu kabisa, na baridi ambayo si ya ukuta.

Sugan Bai aliniona nikifanya hivyo. Jioni ile nikamsikia anaimba kwa pua chumbani mwake, wimbo wa kusaga nafaka, kama mwanamke aliye nyumbani kwake na shughuli zake.

Asubuhi ya kufunga niliamka nikawashe moto, nikaukuta umeshawaka. Sugan Bai ameketi mbele ya ukuta ule, ametandika sahani kubwa, chapati nzima juu yake, mboga, pilipili ya kitunguu saumu, kila kitu mahali pake. Na katika baridi ile iliyogandisha ndoo, alikuwa anapunga ncha ya shali yake taratibu, huku na huku. Anampepea mtu.

"Mama Bhanwar," nikamwita. "Unampepea nani?"

"Anasema moshi unamuumiza macho."

Kopo letu la chumvi, la bati, ambalo hukaa rafu ya juu, lilikuwa sakafuni kando ya sahani.

Nikaketi. Magoti yangu hayapendi kuketi, lakini nikaketi karibu naye. "Jana mkono ulikosea. Na leo?"

"Leo alikuwa na njaa."

"Leo adhuhuri milango inafungwa. Jioni hapa hapana mtu. Utamwacha wapi?"

"Nitakaa naye."

"Theluji itafika darini, mama. Utakula nini, mlango?"

"Basi twende naye nyumbani."

"Hawezi. Ulisikia kwa masikio yako. Atakaa hapa alipolishwa, katika nyumba iliyofungwa, mpaka turudi, na tukirudi atakuwa bado ameketi pale."

Akaendelea kupepea, lakini polepole zaidi. Kisha akaniuliza, hata hakunitazama, "Mume wako ulimweka juu ya jiwe?"

"Nilimweka."

"Na hukumpa tena?"

"Sikumpa."

"Uliwezaje, bibi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa na watoto wa kulisha."

Bhanwar akafika kutoka nje. Alikuwa ametoka kuoga chemchemini, nywele zinafuka, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyetoka kwenye barafu. Akasimama mlangoni, hakukanyaga ndani.

"Amenifuata," akasema. "Kutoka chini mpaka juu. Nikitembea anatembea, nikisimama anakohoa. Kile kikohozi chake, mama. Na ugoro wake, ninausikia hapa puani."

"Yuko hapa, anakula," akasema Sugan Bai.

"Anatetemeka! Nimesikia meno yake yakigongana nyuma ya sikio langu. Sijamsikia baba akitetemeka hivyo hata siku anakufa."

Shali ikasimama. "Mimi ameniambia ni moshi tu."

"Mama, lini aliwahi kukuambia wewe kwamba anasikia baridi? Alikuwa akiniambia mimi, nimletee blanketi, kisha ananiambia usimwambie mama yako." Mtu mzima yule, mwenye kitambi, akaanza kulia kama mtoto, mkono umeshika fremu ya mlango. "Alikuomba kitu kimoja. Alichoka. Ulimwahidi."

Sugan Bai akatazama sahani. Chapati ilikuwa imebaki nusu. Hakuna aliyeiona ikiliwa.

Nikachukua fimbo yangu, nikapanda hekaluni haraka kadiri umri ulivyoniruhusu. Uani walikuwa wanaipamba machela kwa maua ya manjano. Kuhani Sadanand alikuwa analoweka kwenye samli ile shali ambayo wasichana wetu waliifuma kwa siku moja, ya kumfunika Bwana wakati wa baridi, mikono yake imeng'aa mpaka viwikoni. Nikamweleza yote. Hakuacha kazi.

"Mimi siwezi kumpa mara ya pili. Jiwe halirudii."

"Sasa tufanyeje?"

"Aliyempa ndiye anyime. Mwambie apike, akae, ale yeye mbele yake. Asimmegee. Amalize mpaka sahani iwe nyeupe. Mkono uliomwita ndio huo huo utakaomwachia. Lakini iwe kabla baragumu halijakatika. Nikishapiga baragumu mlango huu hapiti mtu, mwenye pumzi wala asiye na pumzi."

"Na akiomba?"

"Ataomba," akasema, akaikamua shali. "Si mume?"

Nikarudi. Nilipomweleza Sugan Bai, hakubisha. Akauliza tu, "Mbele yake?"

"Mbele yake."

"Hajawahi kuniona nikitafuna."

Akakoroga maji ya uvuguvugu, akakanda. Viganja vyake vikapiga unga, na nilivyozoea sauti ile tangu jana, niliisikia imebadilika, nzito, kama mtu anayepiga kifua. Akapika mboga ya dengu. Rupsa akamnong'oneza, "Mama, hujatia chumvi."

"Najua."

Akatandika sahani moja. Moja tu. Akaketi akitazamana na ukuta. Mimi na Rupsa na Bhanwar tukaketi mlangoni, migongo kwenye ubao wa mlango. Rupsa alinishika mkono, vidole vyake vya baridi.

Sugan Bai akamega kipande. Mkono ukaanza kwenda kulia, kwenye ile nafasi. Akaukamata kwa mkono wake wa kushoto, kama unavyomkamata mtoto anayekimbilia moto, akaurudisha, akauingiza mdomoni. Akatafuna.

Kikohozi kikatoka ukutani. Kidogo, cha adabu, cha mtu anayetaka kukumbusha kwamba yupo.

Akamega tena. Akatafuna. Moshi uliokuwa ukipanda wima ukainama upande wake. Kila nikitazama ule ukavu ukutani nauona umesogea, mabega yameinama mbele, kama mtu anayejongea sahani. Bhanwar alifumba macho. Mimi sikufumba. Nikasema moyoni, nimekaa kwenye mlango huu miaka yangu yote, leo nitaona.

Kopo la chumvi likatembea.

Sitalipamba. Lilikuwa sakafuni pale lilipoachwa asubuhi. Likakwaruza udongo, likasimama, likakwaruza tena, polepole, mpaka likagusa goti la Sugan Bai. Likatulia hapo.

Akalitazama. Nikajua analotaka kufanya, maana hata mimi mkono wangu ulitaka kulifungua lile kopo. Alikuwa anaombwa chumvi. Kitu kile kile alichokuwa akimpunguzia makusudi, ili amwombe.

Akalichukua. Rupsa akaniumiza vidole. Sugan Bai akalishika kopo kwa mikono miwili, akalikumbatia kidogo, kisha akaliweka nyuma ya mgongo wake, akaendelea kula.

Alikula huku machozi yanaingia mdomoni. Chapati ya uwele ikipoa huwa ngumu, hushuka kooni kama mchanga. Akapaliwa, akaomba radhi kwa mkono, akameza. Kikombe chake cha maji, kile cha shaba, kikaanza kutetemeka juu ya udongo, tiri-tiri-tiri, kama kimeshikwa na mtu mwenye homa. Akakinyanyua akanywa yeye maji yote. Huko juu ngoma za kufunga zilikuwa zimeanza. Akapangusa sahani kwa kidole, kuzunguka, mpaka ukingoni, akalamba kidole. Akakipindua kikombe kifudifudi.

Kisha akainua uso akautazama ukuta, sawasawa, kama mwanamke asiyemtazama mumewe mbele za watu anavyoweza kumtazama siku moja tu.

"Kesarimal," akasema.

Bhanwar akafumbua macho. Hakuwahi kulisikia jina lile katika kinywa kile.

"Kesarimal, nimekula. Nimeshiba. Hakuna kilichobaki. Nenda."

Baragumu likalia hekaluni, refu, likagonga mlima wa huku na mlima wa kule. Na ubao tulioegemea ukasukumwa kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayepita katikati ya watu waliokaa na hataki kumkanyaga yeyote. Tukasogea. Hewa ikatupita, ina ugoro. Haikuwa baridi. Nataka hilo lijulikane, haikuwa baridi hata kidogo, ilikuwa kama kupita karibu na mtu aliyetoka kulala chini ya blanketi nzito.

Baragumu likakatika.

Nilipoutazama ukuta, pale pakavu palikuwa pameanza kutoa jasho. Tone moja begani, jingine mgongoni, kisha yakaungana, mpaka sikuweza tena kusema palikuwa wapi.

Tulifunga nyumba haraka. Rupsa alizima meko kwa maji, kitu ambacho hatufanyi, huwa tunafukia makaa, lakini sikumgombeza. Machela ikashuka na ngoma, maua yanadondoka njiani, nasi nyuma yake pamoja na wauza shanga, wachunga farasi na makuhani, wote wanaelekea darajani. Hakuna aliyetazama nyuma. Ukungu ulikuwa umefunguka, na theluji ya kwanza ikaanza kushuka, ile nyepesi isiyolowesha.

Ng'ambo ya daraja Jhabru alikuwa anakifunga kibanda chake. Bhanwar akamwagiza chai. Nikamwona Sugan Bai anaitazama mikono ya Jhabru, jinsi inavyokwenda kwenye glasi, macho yake hayapepesi.

Jhabru akaweka glasi mbili. Ya mama, na ya mwana. Akaangalia kulia kwao, kushoto kwao, akajikuna kichwa, akafunika birika.

Sugan Bai akashusha pumzi. Akanywa funda moja.

"Chai yako haina sukari," akasema.

"Na wewe mama una maneno," akasema Jhabru. "Wenzako wote wamekunywa hawajasema."

"Wenzangu hawana ulimi."

Bhanwar akacheka, kicheko kilichopasuka njiani, akajifuta uso. Gari la abiria lilikuwa linapiga honi. Sugan Bai alinishika mikono yote miwili, akaigusisha kwenye paji la uso wake. Mfuko wa unga wa uwele uliobaki akauweka miguuni pangu. Akapanda gari, akakaa dirishani, na mpaka wanapotea kwenye kona sikumwona amegeuza shingo.

Rupsa alikuwa ametangulia na mizigo. Machela nayo ilikuwa imefika mbali, ngoma zinasikika kama moyo wa mtu mwingine. Nikaketi juu ya ukuta wa daraja, kupumzisha magoti.

"Na mimi nipe, Jhabru."

Akaniletea glasi. Nikaipokea, nikaishika kwa mikono miwili kwa ajili ya joto, nikangoja. Akaanza kuosha birika.

"Moja tu?" nikamuuliza.

Akasimama, birika mkononi. Akanitazama, akatazama ile nafasi ya ukuta kando yangu, pale theluji ilipokuwa inaanza kukaa.

"Kwani uko na nani, bibi?"

"Sina mtu," nikasema, nikanywa chai yangu.